Mnufaika Hewa wa Nambilanje

Jumatatu, 2 Septemba

Andiko la kisima bado. Chai ya pili. Umeme umekatika ukarudi, kompyuta imekula aya moja ambayo, kwa bahati nzuri, ilikuwa mbaya.

Ofisi yetu hapa Nachingwea ni vyumba viwili nyuma ya duka la pembejeo. Kila kitu kinanuka salfa ya mikorosho, hata sukari. Tuko watatu, tunayaandikia maandiko ya miradi mashirika madogo yasiyojua namna ya kuomba. Hakuna kati yetu aliyesomea kazi hii. Bi Zuhura alikuwa karani wa mahakama mpaka akastaafu. Hapitishi sentensi bila kuuliza nani alishuhudia. Sista Agnes alikuwa muuguzi. Maandiko yake yanasomeka kama cheti cha mgonjwa, dalili juu, dawa chini. Mimi nilishika kipaza sauti. Mechi za Namungo, misiba, chanjo ya mbwa, gari likienda polepole na mimi nikipayuka dirishani. Mpira ukipaa juu ya goli, nilisema umetikisa nyavu. Wenzangu wananiita Mtangazaji. Siyo sifa.

Leo nimemrudisha kazini Bi Somoe. Kila andiko linataka mtu mmoja pale mwanzoni, mfadhili amwone kabla hajaiona bajeti. Bi Somoe ni wangu. Nilimtunga mwenyewe. Mjane wa Nambilanje, nyumba yenye mlango wa bluu. Kwenye andiko la barabara nilimpa mguu: "hutembea kwa mguu mmoja mzima na mwingine wa kuazima." Sentensi ile naipenda, nikiri tu. Kwenye andiko la macho nikampa mtoto wa jicho. Yote mawili yalikataliwa. Safari hii nimempa mjukuu, Rehema, anayeumwa tumbo kwa maji ya dimbwi. Maskini ya Mungu, hapumzishwi.

Bi Zuhura anaamini nilikutana naye kwenye ziara. Sikumwambia hivyo. Sikumwambia vinginevyo pia.

Jumatano, 4 Septemba

Barua pepe ya mfadhili. Wameipenda rasimu. Hasa Bi Somoe. Ofisa wao atapita Ruangwa wiki ijayo na anaomba kwenda kumsalimia. Pia wanataka kipengele cha madhara kiongezwe makali. Nini kitatokea endapo mradi hautafadhiliwa?

Nimecheka peke yangu, kicheko cha mtu aliyekalia rangi mbichi. Kisha nikamwambia Sista ukweli. Akavua miwani.

"Mtangazaji, siku moja utatuzika wote."

Lakini wazo ni lake. Twende Nambilanje, hakukosi mjane mwenye mjukuu, tumwombe asimame badala yake. Aibu ndogo. Nimeshabeba kubwa zaidi.

Alhamisi, 5 Septemba

Sielewi.

Tumefika adhuhuri kwa gari la shemeji yake Sista. Kijiji kimya, watu wako kwenye mikorosho. Mwenyekiti wa kijiji tukamkuta kwake, anafungua mashine ya kupulizia dawa. Nikaanza hotuba yangu: tunatafuta mama, mtu mzima kiasi, aliyefiwa na mume. Hakuniacha nimalize.

"Mnamtaka Bi Somoe? Si ungesema, bosi. Yule anayetembea kwa mguu mmoja mzima na mwingine wa kuazima."

Neno kwa neno. Sista akanikanyaga mguu. Alidhani nilimdanganya niliposema nimemtunga, kumbe mtu yupo.

Mlango wa bluu. Mama ameketi kizingitini, jicho moja limefunikwa na utando mweupe. Alipoinuka, mguu aliuvuta. Ndani, mtoto wa kike kwenye mkeka, ameshika tumbo. Nikasema shikamoo, sauti ikatoka ya mtoto wa darasa la pili.

"Marahaba, baba. Leo umekuja mwenyewe."

Sista akauliza kiuuguzi: mume alifariki lini, aliitwa nani. Bi Somoe akanigeukia mimi, akaningoja, kama mchezaji anavyongoja pasi. Akamwambia Sista, kwa upole kabisa, "Hilo hajanipa."

Nyumba haina chungu. Haina jembe, haina kanga ya kubadilisha, haina majivu mafigani. Sikuviandika. Nilimpa shida tu.

Ijumaa, 6 Septemba

Jana kabla ya kuondoka niliwauliza majirani. Wanasema yupo siku zote. Ukiuliza katokea wapi, ni wa ukoo gani, wanatazama pembeni. Niliuliza kwa Kimwera, lugha ya mama yangu. Bibi mmoja ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu akanijibu kwa Kiswahili cha maandiko: "Changamoto kuu ya kaya hii ni upatikanaji wa maji safi na salama." Kisha akarudi kupepeta mtama.

Nimejipa maelezo. Labda andiko la barabara lilisomwa kwenye mkutano wa kijiji. Labda nilimwona mama huyu zamani, nikamsahau, nikajidai mtunzi. Labda.

Nimeogopa, basi. Ugali nimeacha nusu, habari ambayo mke wangu ameshaitangaza mtaa mzima. Alitakiwa ashike kipaza sauti yeye.

Jumatatu, 9 Septemba

Mfadhili anakumbusha. Madhara, madhara. Mwisho wa kutuma ni Alhamisi.

Nimekaa mbele ya skrini asubuhi yote. Mwishoni tabia ikanishinda. Nimeandika: "Maji yasipofika kabla ya msimu, Rehema hataonja korosho mpya." Inasikika vizuri. Nimeihifadhi. Sijaituma.

Ni maneno tu. Naliandika hilo hapa ili niliamini.

Jumanne, 10 Septemba

Mwenyekiti amepiga simu nikiwa kwenye vitumbua. Mjukuu wa Bi Somoe amezidiwa tangu jana, hawezi hata kukaa. Nikauliza amezidiwa vipi.

"Hataonja korosho mpya, bosi."

Bila huzuni. Kama mtu anayesoma. Nilimwachia mama muuzaji vitumbua vyake na mfuko.

Nimewaeleza wote wawili, kila kitu, mlango ukiwa umefungwa. Bi Zuhura alisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya meza.

"Umetuletea mnufaika hewa, Hashimu."

Hakusema Mtangazaji. Hapo ndipo nilipojua uzito wake. Nilitegemea anicheke, aseme nimechanganyikiwa. Badala yake akatoa hukumu: shahidi asiyekuwepo huondolewa kwenye jalada. Mfute, mwanzo hadi mwisho, kwenye maandiko yote matatu.

Sista akaweka kiganja juu ya kibodi. "Ukimfuta yeye, mtoto anabaki na nani? Na mtoto mwenyewe anabaki?"

Mahakamani hawakumfundisha Bi Zuhura jambo hili, hospitali hawakumfundisha Sista, na kwenye gari la matangazo ndiyo kabisa. Watu wazima watatu tunaogopa kubonyeza kitufe.

Nimefuta sentensi ya korosho peke yake. Nikampigia mwenyekiti, hapatikani. Nikampigia tena. Hapatikani.

Nimemuua mtoto kwa sababu sentensi ilisikika vizuri? Hilo ndilo swali. Kesho twende.

Jumatano, 11 Septemba

Tumekwenda watatu. Bi Zuhura naye, na mkoba wake wa enzi za mahakama, akisema anakwenda kushuhudia.

Rehema alikuwa hai. Kwa shida. Macho yamezama, midomo imepasuka, ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama. Sista akamkagua: anaharisha, amekaukiwa maji mwilini, abebwe sasa hivi. Huo ndio uzuri wa Sista. Mpeleke kwenye mizimu, ataomba kuona ulimi.

Nikambeba. Mwepesi mno. Ana joto, lakini. Nililishika lile joto kama risiti.

Bi Somoe hakuinuka.

"Mimi sijawahi kutoka hapa, baba. Hujanitoa."

Bi Zuhura ndiye aliyemwinamia.

"Mama, huyu siyo baba yako. Huyu ni Hashimu wa Nachingwea, anakoroma ofisini. Inuka, mjukuu wako anaumwa."

Sauti ile imewahi kuinua ukumbi mzima wa mahakama. Bi Somoe akaitazama miguu yake, akainuka. Tulipolipita bango la mwisho la Nambilanje alishika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili, akafumba jicho lake zima. Alipolifumbua alitazama nje mpaka tunafika.

Hospitali, Ruangwa. Binti wa mapokezi akauliza majina ya mgonjwa. Rehema nani? Bi Somoe akanigeukia. Vilevile, anangoja. Majina ya kutunga nimejaliwa, ndiyo yanayonilisha. Yote yalinitoroka. Nikasema Rehema Hashimu.

"Wewe ni nani yake?"

"Babu yake."

Dripu ikaanza kudondoka. Bi Zuhura akanikazia macho kwa muda. "Haya," akasema. "Hilo nimelishuhudia."

Alhamisi, 12 Septemba

Andiko limekwenda. Halina mtu pale mwanzoni. Lina vijiji, madimbwi, umbali wa kufuata maji, kila kitu Bi Zuhura alichoweza kukihakiki kwa simu kwa watu wenye majina na mashamba. Kulisoma ni kama kutafuna pumba. Linasema kweli.

Nimemwandikia mfadhili pia kwamba Bi Somoe wa kwenye rasimu nilimtunga. Sikueleza zaidi. Ningeelezaje? Mchana wamejibu kwa ufupi: safari ya ofisa imeahirishwa, watatufahamisha. Bi Zuhura anasema hapo hatuna letu tena. Kisha akatununulia soda, jambo ambalo nalo lilitaka shahidi.

Maandiko ya zamani, ya mguu na ya jicho, sijayagusa. Nimejaribu kuyafungua nimwandikie apone. Nikaona ni kipaza sauti kilekile. Nikayafunga.

Sista ameshinda wodini. Amepiga kusema Rehema amekojoa. Sijawahi kufurahia mkojo wa mtu kiasi hiki.

Jumapili, 15 Septemba

Wameruhusiwa. Sista amewarudisha mwenyewe Nambilanje. Dawa ya kutibu maji ya kunywa amewaachia, na maelekezo. Anasema Bi Somoe alimuuliza kitunguu ni bei gani mjini. Anasema aliuliza kwa sauti ambayo hajawahi kuisikia kwake. Nikamuuliza sauti gani.

"Ya mtu anayetaka kitunguu," akasema.

Jumamosi, 28 Septemba

Mfadhili hajasema lolote tena. Tunaandika la mizinga ya nyuki sasa, la watu wa Mandawa. Sista ndiye anayeandika mwanzo.

Leo nimekwenda Nambilanje peke yangu, kwa pikipiki. Njia nzima nilikuwa na hofu mbili. Nikute kiwanja kitupu. Au nikute wananingoja.

Rehema alikuwa nje, anaruka kamba na wenzake, wanagombana ni zamu ya nani. Nilipomwita hakugeuka. Nikaita tena. "Subiri kwanza," akasema, akaruka.

Bi Somoe akatoka mlangoni. Mguu uleule, jicho lilelile. Nilimletea sukari na doti ya kanga. Akapokea, akashukuru vizuri, lakini hakunipisha niingie.

"Leo siyo, Hashimu. Nina wageni."

Ndani wanawake walikuwa wanacheka. Wengi. Mmoja akasema kitu kwa lugha nisiyoijua, na mimi lugha za huku nazijua, wakacheka tena. Kulikuwa na harufu ya kitu kinachokaangwa. Akarudishia mlango taratibu, bila ubaya wowote.

Nikamuuliza yule bibi jirani wale wageni wametoka wapi. "Kwao," akasema, akaendelea na mtama wake.

Sikuandika wageni. Sikuandika kwao.

Nilikaa juu ya pikipiki kidogo, nikisikiliza. Kisha nikawasha, nikaondoka polepole ili nisiwapigie kelele.