Miguu ya Kaa

Jumanne, 4 Juni
Kutwa nzima pale kiwandani kwetu, kwenye uchapaji, nasahihisha prufu za vipeperushi vya hospitali. Saratani ya matiti, nakala elfu mbili. Nilikuwa nasinzia mpaka nikafika kwenye kisanduku cha chini. Kumbe saratani ni neno la Kiarabu, maana yake kaa. Kaa huyuhuyu wa baharini! Ati matabibu wa kale wa Kigiriki waliona uvimbe mgumu kama gamba, mishipa imetapakaa kandokando kama miguu, wakauita kaa. Waarabu nao wakauita hivyohivyo kwa lugha yao. Miaka yote hii nalitamka tu! Bosi alitaka kisanduku kiondolewe, nafasi haitoshi. Nimekataa, tukapunguza picha.

Alhamisi, 6 Juni
Mashine ya kukunja bado mbovu, kwa hiyo vipeperushi vimeletwa nyumbani akunje Mama, kama kawaida. Jana alimaliza mia nane. Leo mia moja tu! Nikamtania: nimwambie bosi atafute mkunjaji mwingine? Hakucheka. Akauliza hao matabibu wa kwenye kisanduku walihesabu miguu mingapi. Nikamjibu kaa ana minane na magando mawili, kwani Mama unataka kumpika?

Akasema wa kwake ana minne.

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka!

Akafungua vifungo vya blauzi. Titi la kushoto. Uvimbe, na mishipa ya buluu — minne, kweli. Kesho alfajiri nampeleka hospitali.

Ijumaa, 7 Juni
Hospitali, tangu saa moja asubuhi. Nesi kauliza uvimbe ulianza lini. Mama, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai: wiki ya harusi ya mdogo wangu. Harusi! Miaka miwili na nusu! Na siku ile alicheza kutushinda sote. Nesi mwenyewe kaacha kuandika.

Mama anajitetea: asingeharibu shughuli ya mwanawe. Halafu mjukuu akazaliwa. Halafu akazoea. Akazoea! Mficha maradhi kifo humuumbua — methali ilinifika ulimini, nikaimeza. Nina hasira naye. Nampenda. Nina hasira.

Ameitwa ndani sasa hivi. Mlangoni kanikabidhi mkoba wake, kaninong'oneza: mdogo wako asijue, atadhani ni kosa lake.

Simu inalia humu mkobani. Nimeitoa. Ni yeye, mdogo wangu. Imekatika. Anapiga tena —