Dhamana ya Kompyuta ya Rukaiya

Mbwera, Kibiti.
Jumatatu, 6 Oktoba 2025.

Mpendwa kaka yangu Ismaily,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na wifi yangu Zabibu na watoto wote hapo Masasi. Goti lako vipi? Mara ya mwisho ulisema unapakwa mafuta na mtu asiyetaka kusema ameyachanganya na nini. Mtu anayeficha dawa yake mimi simpi goti langu, lakini wewe ndiye mkubwa. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mpunga haukuwa mwingi ila haukuwa wa kulilia, na kile kikohozi changu kimeniacha.

Barua hii anakuletea Nassibu seremala, anayeondoka kesho kuja huko kwa msimu wa korosho. Bahasha nimeipaka gundi mara mbili. Sisemi namshuku, lakini nimeipaka gundi mara mbili. Utauliza kwa nini sikupiga simu. Hapa kwetu mtandao unashika pale dikoni tu, vyombo vinapofunga, na dikoni kila mtu ana masikio. Haya ya leo sitaki yasikiwe, ingawa nusu ya kijiji wameyaona kwa macho.

Ni habari ya kompyuta ya Rukaiya. Unajua mpwa wako anajitolea kufundisha kule Maparoni, huku anasoma stashahada ya ualimu kwa masafa. Muhula uliopita alikuwa akiazima kompyuta ya mwenzake, ikafa, kazi zake hazikufika. Chuo kikamwandikia kwamba asipotuma ripoti yake ya mwisho kabla mwezi huu wa kumi haujaisha, jina lake linafutwa. Miaka yote ile ya kusoma kwa taa ya sola iende na maji, na mwanangu abaki mwalimu wa kujitolea mpaka azeeke! Kaka, hilo linaninyima usingizi, na ndilo lililonifanya mimi nisiyependa maduka ya mjini nivuke kwenda Kibiti.

Duka ni la kijana mmoja anaitwa Hemedy. Anauza kompyuta zilizokwisha tumika Ulaya. Zote zimepanguswa mpaka zinang'aa, na mimi kitu kilichopanguswa sana hunitia shaka. Ile aliyoichagua Rukaiya bei yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba nikauliza ina ugonjwa gani. Rukaiya akanifinya. Nikaigeuza juu chini, nikainusa, nikaitikisa kidogo karibu na sikio. Hemedy akasema, "Mama, hiyo si nazi." Nikamwambia najua si nazi, nazi ningeijua mwaka wake.

Tulipokubaliana bei akaanza habari ya dhamana, yeye anaiita waranti. Miezi sita ya kwanza ni bure. Ukiongeza pesa, anakupa karatasi nyingine inayofika miaka miwili. Kaka, kijana yule alikuwa ameuza kompyuta kwa maneno machache tu, lakini kwa hiyo karatasi alitoka jasho. Mara anivutie kiti, mara aniletee soda, mara anihadithie mteja aliyeikataa akaja kujuta. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Na hapo hapo wewe ukapiga simu ukasema, "Dada, chukua ya miaka miwili, usibanie." Nisamehe kaka, siku ile nilikushuku hata wewe. Nilikaa nikijiuliza kijana yule namba yako kaipata wapi. Rukaiya aliniambia baadaye kwamba ni yeye aliyekuarifu tuko dukani, nami nikamwamini baada ya kuitazama simu yake.

Nikamwambia Rukaiya aisome ile karatasi kwa sauti, pole pole, mpaka yale maandishi ya chini kabisa, madogo kama mayai ya chawa. Maji hayamo. Unyevu haumo. Kudondoka hakumo. Umeme kuzidi haumo. Wadudu hawamo. Nikamwambia Hemedy, "Kwa hiyo unadhamini kompyuta iliyolala." Akacheka sana. Akasema, "Mama, hiyo lugha ya karatasi tu. Ikizingua nyie njooni, tutaongea." Moyo wangu ukakataa palepale. Mtu anayesema karatasi yake mwenyewe isisikilizwe, nitamsikiliza yeye kwa lipi?

Umeondoka huku siku nyingi, lakini desturi yetu ya biashara ya kamba wa baharini hujaisahau. Mnunuzi mgeni akija, hata aje na gari la barafu, hapewi mzigo wa ahadi mpaka atoke mtu wa kumsimamia, mtu ambaye mlango wake unajulikana. Mgeni akiruka, tunakwenda kukaa kwenye mlango wa yule aliyemsimamia mpaka kieleweke. Karatasi haina mlango. Nikamwambia Hemedy waranti yake ya kununua sitaki, nataka mdhamini, na nikamuuliza mama yake anakaa wapi.

Alidhani natania. Rukaiya aliinamisha kichwa kwa aibu akawa anahesabu vigae vya sakafu. Lakini nilikwisha kaa kwenye kile kiti alichonivutia mwenyewe, na wateja walikuwa wanasubiri. Mwishowe akasema mama yake yuko Mtunda, analima. Nikapanda bodaboda, Rukaiya nyuma yangu na kompyuta imebaki dukani.

Mama yake anaitwa Bi Kijakazi, Mmatumbi wa milimani, mwembamba, jicho moja kalifumba kwa moshi na jingine linakutazama kwa niaba ya yote mawili. Tulimkuta anamenya mihogo. Aliniacha nieleze mpaka mwisho bila kuacha kumenya, kisha akauliza, "Na wewe huku Mtunda nani anakujua?" Nikasema hakuna. "Basi na mie nakutilia shaka." Nikamwambia ni haki yake. Akasema, "Mwanangu namdhamini kwa uzima wa chombo. Kikifa chenyewe, njoo hapa, usiende dukani. Lakini mkikizamisha huko kwenye maji yenu, mlango wangu usiujue." Tukashikana mikono. Kaka, nilimpenda mama yule, ila sikumwamini.

Kompyuta ikaja nyumbani. Unajua kila Jumatatu Rukaiya anavuka kwenda Maparoni kwa boti ya Fikirini, na boti ya Fikirini huingiza maji hata kukiwa shwari. Mimi nikasema maji hayatanipata. Nina lile pipa dogo la buluu lenye mfuniko wa kuzungusha, ninalopelekea ng'onda, samaki wangu wa kukausha kwa chumvi, sokoni Ikwiriri. Ukilifunga hata pumzi haipiti. Nikalisugua kwa sabuni, nikalianika juani, nikatandika khanga ndani, kompyuta ikakaa humo. Ikisafiri iko humo, ikilala nyumbani iko humo, na pipa liko chini ya kitanda changu. Rukaiya alisema lina harufu. Nikamwambia harufu haijawahi kuua kitu.

Katikati ya mwezi wa tisa ikazima. Rukaiya alikuwa anaandika, kioo kikafanya mistari, kikawa cheusi, basi. Ripoti alikuwa ameihifadhi kwenye flashi, hilo namshukuru Mungu, lakini flashi huwezi kuiandikia kwa kidole. Mwanangu hakupiga kelele. Alikaa tu ameiweka mapajani, na mimi nikatoka nje nikalia nyuma ya jiko.

Nilipomaliza kulia nikaanza kushuku. Nikamwendea Fikirini nikamuuliza kama ameikalia. Nikamuuliza jirani yangu Ashura kama watoto wake waliingia chumbani. Ashura aliendelea tu kupeta mchele. Zaidi ya wote nilimshuku Hemedy, kwamba ameitega ife. Nikaenda dikoni nikampigia Bi Kijakazi. Nilitegemea asipokee. Akapokea, akasikiliza, akasema, "Usiiguse. Usiifute. Nakuja mwenyewe nione inalala wapi." Akakata.

Kaka, mama yule hajapata kupanda chombo maishani. Walifika juzi Jumamosi kutoka Nyamisati, yeye na Hemedy, na Bi Kijakazi ametapika njia nzima akiwa ameng'ang'ania mkanda wa suruali ya mwanawe. Watu wa dikoni wakamfuata mpaka kwangu maana hawajawahi kuona mgeni wa namna ile. Alikataa maji ya kunywa. Akasema kwanza kompyuta.

Hemedy akafungua skrubu, akainua mfuniko wa chini. Ndani kulikuwa na unga mweupe pembeni, na vile vyuma vidogo vimeota kijani. Akasema, "Hii imeingia maji ya bahari." Mimi nikapanda juu. Nikaapa mbele ya watu kwamba haikugusa tone, nikasema wameileta hivyo hivyo kutoka dukani na sasa wanataka kunivika mimi. Bi Kijakazi akaisogelea kompyuta. Alichota ule unga kwa kidole, akautia ulimini. Kisha akainamisha pua. "Hii si bahari," akasema. "Bahari haina harufu hii. Hii ng'onda."

Akaomba aonyeshwe inapolala. Rukaiya ndiye aliyelitoa pipa. Bi Kijakazi akapitisha kidole kwenye mikunjo ya mfuniko, pale sabuni isipofika, kidole kikatoka cheupe. Hemedy akaeleza kwa upole, na upole wake ulinichoma kuliko angenitukana. Chumvi huvuta unyevu, unyevu ukifungiwa hauna pa kutokea, kwa hiyo kompyuta ilikuwa inapikwa humo usiku na mchana. Akasema hata ningenunua ile waranti ya miaka miwili isingenifaa kitu. Hilo lilinifariji kidogo, nisiwe mwongo. Lakini kuiua niliiua mimi, kwa mkono wangu, kwa kuilinda. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Basi nikajua yamekwisha. Bi Kijakazi alidhamini uzima wa chombo, hakudhamini pipa langu. Akafunga khanga yake kiunoni kama mtu wa kuondoka. Kisha akamtazama Rukaiya, aliyekuwa amesimama mlangoni na ile flashi mkononi, akamuuliza ripoti inahusu nini. Rukaiya akasema inahusu watoto wanaokosa shule siku za bamvua, maji yanapojaa na vivuko havipitiki. Bi Kijakazi akasema, "Na mie leo nimeyaona hayo maji." Akamwambia Hemedy atoe nyingine kwenye begi.

Walikuja nayo kaka! Walikuja nayo tangu Kibiti, na mimi nimetoka kuwaita wezi.

Ila hakuiacha hivi hivi. Alisema hii ni ya kuazima, mpaka mtoto amalize ripoti, kisha irudi dukani. Akasema, "Wewe ulipokuja kwangu ulitaka mtu, nikakupa mtu. Na mie leo nataka mtu. Nani hapa anamdhamini mama huyu, kwamba kitu changu kitarudi kizima?"

Kaka, ua lilikuwa limejaa watu. Fikirini alikuwepo, Ashura alikuwepo, na wale ninaowauzia na kununua kwao miaka yote. Hakuna aliyenizomea. Hakuna aliyenicheka. Walitazama kuku tu. Nikawatazama mmoja mmoja nikitafuta wa kumtaja, na kila niliyemtazama nilikumbuka nimewahi kupima mara ya pili alichonipimia. Sikuwalaumu. Ningekuwa wao nami ningetazama kuku. Lakini nilisikia aibu ambayo sijapata kuisikia tangu nizaliwe, na mwanangu ananiangalia.

Ndipo nikakutaja wewe. Nikasema nina kaka yangu wa tumbo moja, yuko Masasi, jina lake Ismaily, yeye ananidhamini. Bi Kijakazi akaichukua namba yako. Kompyuta ameiacha mpaka Ijumaa. Ijumaa baada ya swala atakupigia. Ukisema ndiyo, itakaa mpaka Rukaiya amalize. Ukisita, Hemedy anaifuata Jumamosi, na mpwa wako hana pengine pa kuandikia.

Kwa hiyo ukiona namba usiyoijua, pokea. Atakuuliza mimi ni mtu gani. Usimpambe maneno, maana atajua, mama yule anaonja mambo kwa ulimi. Mwambie mimi ni mbishi, mwambie ni mshuku, hayo ameyaona. Lakini sijawahi kula cha mtu, na hilo unaweza kuliapia msikitini. Na ukiona ulimi wako mzito kunidhamini mimi, basi mdhamini Rukaiya. Yeye hajawahi kumshuku mtu, hata mimi.

Nisalimie wifi Zabibu sana, mwambie ile dira aliyonipa naivaa kila Idi. Nisalimie Mwantum na Saadi, na yule mdogo nisiyemjua bado sura. Rukaiya anakuamkia shikamoo mjomba. Leo hakuvuka kwenda Maparoni, yuko hapa pembeni anaandika, kompyuta iko juu ya meza, wazi, haina hata kitambaa. Mwenyezi Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe nguvu ya goti na riziki ya halali.

Ni mimi dada yako anayekupenda na kukutegemea,

Habiba