Uzi wa Dada Mbele ya Mashine ya Kukereza

Mpendwa mshauri, nadai, na nitalitetea dai langu mbele ya yeyote, kwamba uzi wa rakhi, ule ambao dada humfungia kaka yake mkononi kama kinga siku ya sikukuu, hauna nafasi mkononi mwa mtu anayesimama kwenye mashine inayozunguka, hata kama dada yake wa tumbo moja ameufunga kwa dua na vitamu vya ladu. Mimi ni ofisa usalama katika kiwanda cha vyuma hapa Raipur, nimesomea uhandisi, falsafa nimeisoma kwa raha zangu, na siku moja baada ya sikukuu hiyo, nilipomwona Bisahu, mkerezaji wetu hodari, ameinama huku matamvua mekundu yakining'inia vidole viwili tu kutoka kwenye chuma kinachozunguka, nilizima mashine, nikachukua mkasi, nikaukata, maana uzi ukinaswa huvuta kiganja na kiganja huvuta mkono, jambo lisilohitaji mjadala, lakini jioni dada yake Rukhmin alinivizia langoni, akanipasulia mbele ya zamu nzima, "Mhandisi, nimemfungia kaka yangu kinga, wewe umeikata! Akiumia nije nikufunge wewe?" Wakaangua kicheko, na tangu hapo wote wanavaa mashati ya mikono mirefu kuficha nyuzi zao, hatari juu ya hatari, na nikiwakaripia Bisahu hunijibu, "Bwana mkubwa, mkono wangu unasikia baridi," katika joto hili la Agosti! Nakiri, kwa uaminifu wa kitaaluma, kwamba uzi wangu mwenyewe, alionifunga dada yangu Hemlata, bado ninao chini ya shati, ila kazi yangu ni ya mezani. Naomba msaada: nitawashawishije kabla mtu hajapoteza mkono? Unijibu gazetini, si kwa siri.
Tikeshwar

Tikeshwar mwanangu,
Umeshinda hoja, umepoteza watu. Uzi ule ni hatari, kweli tupu. Lakini meza iliyokufikisha kwa Bisahu ni meza gani, yenye miguu ya kutembea? Nyani haoni kundule! Hiyo baridi ya Bisahu, umemwambukiza wewe.

Mwombe radhi Rukhmin, si kwa hoja yako, kwa mkasi wako. Kisha mwalike yeye na Hemlata langoni kabla ya zamu. Hemlata aufungue wa kwako kwanza, kwa vidole vyake, wote wakiona, autundike kabatini mwako. Rukhmin naye amfungulie kaka yake uzi mpya anaouficha chini ya shati, autundike kabatini mwake. Mashati ya mikono mirefu yabaki nyumbani. Mwambie Bisahu uzi utamsubiri kabatini, na jioni utahitaji mkono wa kufungiwa.

Nawe uliyetaka hadharani, nijibu hapa hapa gazetini, Hemlata akiwa shahidi: mkono wako u wazi, ndiyo au hapana?