Tairi Mpya Niliweka Mbele

Uriri, Jumanne, Aprili 1996

Mimi niko na miaka sabini na mbili. Nimezika ndugu zangu wote na kuchosha pikipiki mbili, na hakuna barabara ya huku imewahi kuniangusha. Mpaka leo.

Okelo, fundi wa pikipiki, aliniambia wazi wiki iliyopita. "Jaduong', mzee wangu, tairi ya nyuma ndio inabeba watu na kuvutwa na cheni. Inaisha haraka kuliko ya mbele. Hii mpya tuweke nyuma."

Nikamwambia, "Nikiingia soko ya ng'ombe Ogwedhi, watu wanaona mbele kwanza. Na wewe ulikuwa hujazaliwa nikiendesha!"

Basi mpya ikaenda mbele. Ile ya nyuma ilikuwa laini kama kichwa yangu, nikamlazimisha aichonge meno na kisu. Ilipendeza kweli.

Leo mvua, matope ya Ogwedhi, na bibi yangu amekaa nyuma. Mbele ilishika vizuri. Nyuma ikateleza, tukalala chini. Mimi sikuumia popote. Yeye mkono umevunjika, na mahindi hatujapanda.

Nikamwambia huyu mama ya Otieno wetu, "Min Otieno, pole, ni hii barabara."

Akasema, "Wuon Otieno, barabara ndio ilichagua tairi?"

Niliinama nikaangalia tairi ya nyuma.

Kesho Okelo atatoa hiyo takataka ya nyuma, lakini mkono...

Tairi mpya inakaa nyuma; anayebisha aulize Okelo. Ama aulize Min Otieno mwenyewe, lakini si leo. Leo amegeukia ukuta. Chai nimepika mimi, na hajaigusa.