Umeme Katika Nyumba Yetu ya Zamani

Utemini,
Singida.
18 Agosti, 1972

Mpendwa Shangazi Theresia,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Tanga, pamoja na Baba Anastasia na watoto, na kwamba ule mguu wako umeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo. Bibi anakohoa asubuhi kwa sababu ya vumbi la mwezi huu, lakini uji anaumaliza. Mimi nipo likizo. Vitabu nilivyoazima shuleni nimeshavimaliza, sasa nasoma magazeti yaliyofungiwa sukari.

Sijui kama umesikia kwamba Baba ameacha kazi ya kuajiriwa. Sasa anajitegemea, anaingiza umeme katika nyumba za watu hapa mjini, hasa zile za zamani za udongo ambazo mafundi wengine hawazitaki. Mama alikuwa na wasiwasi. Baba naye alisema tu kwamba mvua zikianza kabla hajapata wateja, atakwenda Dar es Salaam kutafuta ajira.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Nyumbani kwa Mama Cecilia alichimba ukuta kwa patasi na nyundo, kama alivyozoea kwenye saruji, na kipande kikubwa kikaanguka mpaka fito zikaonekana. Sokoni wakawa wanamwuliza kama analeta umeme au tetemeko. Alicheka nao, lakini nyumbani alikula kidogo sana.

Bibi ndiye aliyekwenda kuuziba ukuta ule, bila kuombwa. Alimwambia Baba kwamba udongo mkavu haupigwi, unaloweshwa kwanza. Tangu hapo wanakwenda pamoja. Jioni Bibi anaunyunyizia ukuta maji, asubuhi Baba anakata njia ya bomba la nyaya kwa kisu, kisha Bibi anasiriba kwa udongo na mavi ya ng'ombe mpaka huoni palipokatwa. Watu wanawaita "Fundi na Mamaye." Bibi anajifanya kuchukia, lakini nimemsikia akijitambulisha hivyo mwenyewe.

Sasa nikueleze jambo lililonifanya nikuandikie. Mzee Antipasi, aliyenunua nyumba yetu Babu alipofariki, alitaka umeme. Fundi mmoja alishamwambia kwamba nyumba ile haifai tena, aibomoe ajenge ya saruji. Baba akaenda kumwomba. Mzee akamjibu pale mlangoni, "Alute, nakuachia ujaribu kwa sababu ulizaliwa humu. Ukuta ukipasuka, naiangusha yote."

Bibi hakuwa ameingia mle tangu tulipohama, nami nilikuwa mdogo sana wakati ule. Chumba chenu cha nyuma bado kinanuka moshi. Ile michoro ya vidole uliyoiweka ukutani wakati wa kusiriba, mwaka ulioolewa, bado ipo, Shangazi. Bibi aliipitishia kiganja taratibu huku akiimba kwa Kinyaturu wimbo nisioujua. Nilitaka kumwuliza ni wa nini, nikaona haya. Labda wewe unaujua. Baba naye bomba alilizungusha mbali na michoro, nyuma ya mlango, ingawa kazi ilichelewa kwa ajili hiyo.

Udongo ulipokuwa ukikauka, kila asubuhi Baba alikwenda kutazama nyufa kabla hata ya kunywa chai. Ukuta haukupasuka. Juzi jioni alibonyeza swichi, taa ikawaka. Mzee Antipasi hakuitazama taa hata kidogo. Alizunguka akigongagonga kuta kwa vidole, akarudi, akasema, "Basi. Ikae." Jana jirani zake wawili walikuja kumwulizia Baba, na safari ya Dar es Salaam haitajwi tena hapa nyumbani.

Lakini ninalolikumbuka zaidi ni Bibi. Wengine walipotoka, alibaki katikati ya chumba chenu, akigeuka kutazama pembe moja baada ya nyingine.

"Kumbe chumba chenyewe ni kidogo hivi," akasema. "Na nyote mlilala humu, na wageni juu yake."

Kisha akaniagiza nikuandikie, nikuambie kwamba nyumba ingali imesimama.

Msalimie Baba Anastasia, Anastasia mwenyewe na Paulo. Mama na mdogo wangu Mathayo wanakukumbuka sana. Mungu awatunze wote walalao chini ya paa lako.

Mtoto wako akupendaye,
Lea Alute