Pikapu Tupu na Nyonga ya Mama

Alhamisi. Mvua ya asubuhi imelaza vumbi la Bunia, na mimi nina furaha iliyochanganyika na aibu. Nianze na furaha.

Mama amefika. Yuko hospitalini hapa mjini, na mfupa wake haujasogea.

Wiki iliyopita, watu wa kijijini kwetu walipokimbia risasi, mama alianguka akavunjika nyonga. Walimbeba hadi Irumu. Muuguzi wa kule alinionya kwa simu: mfupa ukisogea njiani, hatatembea tena. Na gari nililo nalo ni pikapu ya kazi, ile ninayobebea simenti. Ukiipakia tani nzima, inatulia. Ikiwa tupu, inaruka kama mbuzi aliyekata kamba, na barabara ya Irumu mnaijua wenyewe. Kupakia simenti ili itulie kungekuwa kuwaita wenye bunduki waje kuipora.

Nikajiona mjanja. Jumatatu nilipakia mifuko ya mchanga. Sikufika hata nje ya mji: kwenye bariyeri, kile kizuizi cha barabarani, askari waliniuliza nakwenda kumjengea nani ngome. Nikaamriwa nimwage mchanga wote, mfuko baada ya mfuko, na bado nilishukuru kurudi nyumbani mzima.

Ndipo nikaenda kwa Ngabu, Nyakasanza.

Hapa lazima niseme ukweli. Ngabu ndiye fundi bora wa resori, yaani springi za gari, mtaani kwetu, na kwa miaka miwili nimekuwa nikipita mbele ya karakana yake kupeleka gari mbali, kwa mafundi wabovu. Jina lake linatosha kukuambia anatoka kabila la upande gani wa vita hivi, na watu wa upande ule ndio waliochoma nyumba ya mama miaka hiyo miwili iliyopita. Yeye mwenyewe alikimbia Djugu na begi moja tu, nyumba yake imechomwa vilevile. Hilo nilikuwa nalijua, lakini sikutaka kulifikiria.

Alinisikiliza hadi mwisho bila kuniuliza kwetu ni wapi. Akaingia chini ya gari, akafungua vile vyuma bapa vya resori vinavyolaliana, akatoa viwili vinene kila upande ili pikapu isiwe ngumu mno ikiwa tupu. Vilivyobaki alivisugua kutu na kuvipaka grisi. Akapunguza upepo wa matairi, akanionya nisipakie simenti mpaka avirudishe vile vyuma. Fundi mwingine angeishia hapo akafuta mikono.

Ngabu alitandika godoro nyuma ya pikapu, akalala chali.

"Weye endesha tu mu mashimo," akaniambia. "Leo miye niko mama yako."

Mara ya kwanza alishuka ameshika kiuno. Ilikuwa bado inampiga mgongoni, kwa hiyo akapunguza upepo tena. Mara ya pili alilivuta godoro mbele, karibu na kabini, kwa sababu huko nyuma ya ekseli ndiko kunakorusha zaidi. Mara ya tatu nilimwona kwenye kioo amefumba macho, nikadhani amesinzia. Aliposhuka yalikuwa mekundu. Mkewe alifia nyuma ya pikapu tupu kama hii, walipokuwa wanatoka Djugu. Alinieleza hayo huku akikung'uta godoro.

"Sasa unaweza enda kuleta mama," akasema.

Sijawahi kumheshimu mtu kiasi hicho.

Jana niliendesha polepole, na kabla ya nusu ya njia mama alikuwa amelala usingizi wa kweli. Leo daktari amempima na kuridhika. Baada ya daktari kutoka, mama akanishika mkono.

"Mutoto yangu, nani alitengeneza ile gari? Unipe jina yake, nimuombee."

Nikamjibu: fundi mmoja wa Nyakasanza.

Akanitazama, akisubiri. Nikainuka, nikasema nakwenda kumtafutia maji.

Niliporudi nilimkuta anasali, anamwombea "ule fundi, Mungu anamujua". Mungu anamjua, naam. Aliyemficha ni mimi.

Kesho asubuhi nitamwambia mama: anaitwa Ngabu. Halafu nitakaa palepale kitandani pake, hata kama maji yamekwisha.