Kingereza ya Kutetea Vitanda

Siku ya kwanza, 3 Septemba 2012

Niko na kasirani. Acha niandike kwanza, mbele nifike nyumbani na kumumwangia hasira bwana wangu Symphorien, yeye hana kosa.

Asubuhi Chef Benoît ametuita sisi wote ku bureau. Benoît njo mukubwa wa shirika letu hapa Ngungu. Mutu wa Kinshasa, suruali imepigwa pasi hata siku ya risasi. Akasema bailleurs, wale wanaotupa feza, wamebadilika, sasa mikutano yote na Nairobi itakuwa mu Kingereza. Yote! Kila mukubwa wa service atasimama yeye mwenyewe mbele ya écran, kile kioo cha video, na kusema. Asiyeweza, mwingine atamusemea.

Mimi niko accoucheuse. Ninasema Kihunde, Kinyarwanda, Swahili, Kifaransa, na Lingala ya kutosha kwa kuongea na maaskari ku bariyeri. Wanawake wanalia mu luga hizi zote wakati wa kuzala, na mimi ninawajibu. Leo nimekuwa bubu, hivi hivi tu.

Na jambo la kwanza wanalotaka kuongea njo Nyumba ya Kungojea. Wanataka kuifunga mwisho wa mwezi wa kumi. Nyumba ile iko nyuma ya maternité, pale tunapozalisha, vitanda munane. Wanawake wa milima wakifika mwezi wa tisa wanashuka, wanalala pale, wanangojea saa yao. Kwa sababu usiku hakuna mwanamuke anayepita njia na tumbo — kuna bariyeri, kuna bunduki. Nairobi wanasema vitanda vimelaliwa na watu wenye afya. Wanaita ile matumizi mabaya. Matumizi mabaya! Wangojee nini, damu?

Siku ya ine, 6 Septemba

Somo ya kwanza mu ordinateur, ile kompyuta ya bureau. Mwalimu anaitwa Élisabeth, iko Nairobi, binti wa sauti ya upole. Sina neno naye. Lakini somo! Namna ya kuagiza kahawa mu hoteli. Namna ya kuuliza ndege inatoka saa ngapi. Ndege! Hapa kwetu inayopita juu ni helikopta, na ile hakuna anayeiuliza saa, mutu anatafuta tu pa kulala chini.

Kisha akauliza weekend yangu ilikuwa namna gani. Nikamueleza kwa maneno yangu ya kuokoteza: walipigana kule juu, tukalala chini, mimi na wanawake wangu, matumbo yao chini ya vitanda. Akasema muzuri sana, verbe moja tu, kitenzi kimoja, haiko sawa, na kwa mazoezi pengine nichague kitu ya furaha. Nikasema nilienda ku cinéma. Akafurahi. Cinéma, Ngungu! Symphorien amecheka mupaka akakohoa.

Tena amenifundisha: mu kazi mutu hasemi "hapana". Anasema "kuna changamoto". Nimeandika vile alivyosema, lakini imenikera siku nzima.

Siku ya yenga, 9 Septemba

Kisha misa nimepitia kwa Papa Muhindo, yule muchuuzi wa Butembo mwenye duka ya vitenge karibu na soko. Kingereza yake aliitolea Kampala, mu soko, akinunua mizigo. Nilimuzalisha bibi yake Kanyere mapacha, hawezi kunikatalia kitu.

Akanisimamisha mbele ya comptoir, meza yake ya kuuzia, akaweka kitenge katikati yetu. Yeye muuzaji, mimi mununuzi, na Kingereza tupu. Alinifundisha nisicheke. Nisionyeshe mwisho wangu iko wapi. Niombe zaidi ya mara mbili ya kitu ninachotaka, mwenzangu atanishusha, tutakutana katikati, kila mutu ataenda na moyo mweupe.

"Mama Consolée," anasema, "Muzungu ao Muganda, wote wanapenda kushusha. Uwaachie pa kushusha."

Basi! Kwa saa moja nimesema Kingereza kupita juma nzima na Élisabeth. Nilifoka mu Kingereza! Kanyere alitoka jikoni kuangalia kama tunagombana kweli. Nimerudi nyumbani ninatembea na kifua mbele.

Siku ya pili, 11 Septemba

Symphorien anasema ninafokea maharagi mu shamba. Ni kweli. Maharagi hayanirekebishi verbe.

Siku ya posho, 15 Septemba

Risasi tangu asubuhi upande wa juu. Njia imefungwa. Na Pétronille ameshuka hata hivyo — amepita mu mashamba ya watu, tumbo mbele, mufuko ya maharagi kichwani.

Pétronille njo yule wa mwaka uliopita. Uchungu ulimushika kwao mulimani, wakamuteremusha kwa kipoyo, kitanda cha kubeba mabegani, na ku bariyeri wakawazuia mupaka kuche. Mutoto alizaliwa pale chini, mu matope. Hakulia. Leo nilipomuonyesha kitanda aliuliza kama ni yake kweli, hakuna atakayemutoa. Nikasema ni yake. Nimesema vile na sijui kama ni kweli, na njo kitu inanichoma.

Siku ya tano, 21 Septemba

Nimeharibu. Nimeharibu kabisa.

Mukutano wa kwanza. Bwana wa Nairobi mu écran, kichwa kikubwa, nyuma yake dirisha na miti. Benoît akanipa micro. Nilikuwa tayari! Sikucheka. Nikasema mu Kingereza ya kusimama: vitanda munane havitoshi, tunataka makumi mbili. Nikangojea anishushe.

Hakunishusha. Aliandika! Mutu gani anaambiwa makumi mbili na hasemi hata "ah mama, punguza"? Aliuliza tu kama niko na hakika. Na mimi, juu nilifundishwa nisionyeshe mwisho wangu, nikasema hakika kabisa, hata makumi mbili na tano. Akaandika tena. Kisha akasema pole pole, mupaka mimi mwenyewe nikasikia kila neno: ripoti zinasema munane, kwa dakika moja imekuwa makumi mbili, sasa imekuwa makumi mbili na tano. Basi hesabu za Ngungu haziaminiki, na ile inasaidia kuamua.

Kuamua kufunga! Nilitaka kumueleza kwamba ilikuwa bei ya kwanza tu, kila mutu anajua bei ya kwanza haiko bei. Maneno hayakuja. Mu luga tano yangekuja.

Siku ya posho, 22 Septemba

Benoît amenifokea mbele ya walinzi. Anasema nimeaibisha base yetu ya Ngungu. Nikamuuliza juu ya nini yeye hakusema kitu, Kingereza anayo, alikuwa pembeni yangu. Akajibu haiko service yake. Kweli, haiko service yake. Tangu afike hapa hajapanda mulima hata mumoja.

Kutoka pale nikaenda kumugombeza Papa Muhindo. Alinisikiliza yote, anakunja kitenge kimoja pole pole, anakikunjua, anakikunja.

"Hakukushusha hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi yule hanunui," akasema. "Angekuwa ananunua, angekushusha."

Alionekana mutu mwenye huzuni, nikashindwa kumukasirikia. Akaniomba radhi, Kanyere akaniletea chai, nikanywa.

Siku ya tatu, 26 Septemba

Nilimuomba Benoît aniombee kusema tena, na leo amepata jibu ya Nairobi. Tarehe tano mwezi ujao wataniachia dakika mbili, mara ya mwisho. Dakika mbili! Wanawake wa milima mingapi mu dakika mbili?

Nimemuomba Élisabeth tuache ndege na kahawa. Nikamwambia niko na jambo moja tu la kusema, na ninataka kulisema wazi, bila kupandisha wala kulainisha. Akasema tuanze. Tukachukua habari ya Pétronille (mwenyewe amenipa ruhusa) sentensi kwa sentensi. Tulipofika pa mutoto, Élisabeth hakurekebisha kitu. Nilisikia anavuta pua. Leo nimemupenda huyu binti.

Mwisho alitaka niongeze asante kwa kunisikiliza. Nimekataa. Wanisikilize kwanza.

Siku ya yenga, 30 Septemba

Kisha misa nimekuta Trésor wa logistique mu Nyumba ya Kungojea, na mètre mukononi. Anapima chumba! Itakuwa depot ya mafuta ya magari. Anapima na wanawake wako mulemule, anaomba wainue miguu apitishe mètre. Na wanainua, juu ni wanawake wenye adabu!

Nikamuuliza kama uamuzi umetoka. Akasema hapana, ni kujitayarisha tu, Mama Consolée, usinikasirikie, mimi nimetumwa. Nimemutoa inje na mètre yake. Siku ya yenga!

Jioni nilimukuta Pétronille amefunga vitu vyake vyote mu kitenge kimoja na kuviweka pa kichwa cha kitanda. Nikamwambia afungue. Akaitika ndiyo, mama. Hakufungua.

Siku ya tano, 5 Oktoba

Ninaandika hapa hapa, mu mukutano. Connexion imekatika, tunangojea. Benoît anafikiri ninaandika ripoti.

Nimesema. Yote. Nilisema vitanda munane, na munane tu. Nilisema mimi njo nilikosa mara ile, si wanawake. Nilisema Pétronille, bariyeri, matope. Nilisema mutoto hakulia. Maneno yalikaa pa nafasi yao, na bwana wa Nairobi alinisikiliza mupaka mwisho, kidevu ku ngumi. Mimi nikaona amesikia. Mungu ananiona, nilifikiri tumepona.

Akatabasamu.

"Mama Consolée, Kingereza yako imeendelea sana! Tumupigie makofi."

Na wakapiga! Wote mu vile vichwa vya écran, wanawake kwa wanaume. Benoît naye anapiga, anasimama! Bwana akasema nitakuwa mufano kwa base zingine, wataniita Nairobi nitie wengine moyo, nitapewa certificat. Halafu akasema tuendelee, jambo la pili, magari.

Magari!

Nikainua mukono kama mutoto wa masomo. Nikauliza, na vitanda? Akasema lile limekwisha, walilipanga tangu juma lililopita, na asante sana kwa kulieleza muzuri vile. Tangu juma lililopita! Basi nilikuwa ninawaimbia. Nilimusemesha Pétronille habari ya mutoto wake, sentensi kwa sentensi, ili watu wasikie verbe. Nilitaka kujibu na pale njo connexion ikakatika.

Benoît ananinong'oneza nisiharibu. Anasema nimesifiwa mbele ya bailleurs, neema kama ile haimufikii kila mutu. Anaongea Kifaransa pole pole, vile mutu anaongea na mugonjwa. Anasema Trésor amekwisha kutumwa kuwaambia wanawake watoke, mwisho wa mwezi hautangojewa tena, mimi nisijisumbue.

Amekwisha kutumwa. Ninaangalia inje. Wanawake wamesimama ku mulango wa Nyumba ya Kungojea, Trésor katikati yao, anaangalia viatu vyake. Pétronille hayuko kati yao. Pétronille iko mu njia ya kupanda, kitenge chake kichwani, mukono mumoja ku kiuno. Anatembea vile anatembea mwanamuke asiye na siku nyingi mbele ya kuzala.

Nimefungua dirisha. Nimemuita kwa Kihunde, sauti yote niliyo nayo: rudi, weka chini, mimi sijamaliza! Amesimama. Hajageuka, lakini amesimama.

Na nyuma yangu écran imewaka; kumbe sauti ilirudi mbele ya picha. Micro ilikuwa wazi mu mukono wangu wa kushoto, walisikia yote. Bwana wa Nairobi anauliza nani anapiga kelele, na ile ni luga gani. Benoît amesharuka, ananyoosha mukono achukue micro. Simupatii.